Fomu kumi za eksrei

Chumba chetu kiko mwisho kabisa wa korido, ukishapita stoo ya vitanda vibovu, na mlango unaofuata ni mochwari. Siyo utani, na wala siyo hospitali yetu peke yake, waulize mafizio wa wilayani, sisi wataalamu wa tiba ya viungo, wengi watakwambia hivyohivyo, kitengo cha mazoezi kinapewa chumba ambacho hakuna mtu mwingine alikitaka. Matokeo yake mwenye goti bovu ndiye anayetembea mbali kuliko wagonjwa wote wa hospitali. Kuna bibi mmoja aliwahi kufika mlangoni kwangu akashika fremu, akahema weee, halafu akasema, "Mwanangu, kama hii safari ndiyo mazoezi yenyewe basi mimi nishamaliza, niandikie nirudi nyumbani."

Nimekaa kuandika kwa sababu ya voisi moja ya WhatsApp. Jamaa yangu niliyesoma naye Moshi, pale KCMC ambako mafizio wengi wa nchi hii tumepitia, yuko Uingereza mwaka wa sita sasa. Alianza kwa kuwasimamisha wazee wa stroki wodini kama tunavyofanya sote, siku hizi amepanda, yuko kwenye kliniki ya kawaida ya mtaani, na mtu akipiga simu kusema mgongo unamuuma hapelekwi kwa daktari, anapelekwa kwake. Anamsikiliza, anampima, picha ya MRI anaagiza mwenyewe, goti likihitaji sindano anachoma mwenyewe, na jambo likimzidi anaandika rufaa moja kwa moja kwa bingwa, hamuombi mtu ruhusa. Na bado anasomea kuandika dawa. Voisi yake ikaishia na swali, "Sasa nyie huko mtaanza lini?"

Naisikiliza hiyo voisi simu iko mezani imewekwa spika, maana mikono yangu yote miwili imejaa plasta.

Mtoto wa wiki tatu, miguu kifundo yote miwili, nyayo zimegeukia ndani zinatazamana. Mama yake kamleta kwa daladala mbili na bodaboda moja. Kazi yenyewe ukiitazama kwa mbali utadhani hakuna kinachofanyika: kidole gumba changu kimekaa juu ya kimfupa fulani upande wa nje wa mguu, mkono wa pili unasukuma unyayo kwenda nje taratibu, taratibu kiasi kwamba mtoto anaendelea kunyonya, na akiacha kunyonya ujue umezidisha. Halafu pamba, halafu bendeji za plasta kuanzia vidoleni mpaka juu ya paja goti likiwa limekunjwa, kwa sababu usipolikunja vizuri mtoto atalivua hogo lake, yaani hiyo plasta ikishakauka, usiku kama soksi na asubuhi mama anakuja nalo kwenye mfuko wa rambo. Imenitokea mara mbili. Kila wiki unafungua unafunga jingine, mara tano, mara sita hivi, na mguu unageuka kidogokidogo mbele ya macho yako. Mwishoni watoto wengi wanahitaji kukatwa kano ya kisigino, kitobo kidogo tu, ganzi ya pale pale, hogo la mwisho wiki tatu, kisha vile viatu vyenye chuma katikati, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, na baada ya hapo wakati wa kulala tu mpaka mtoto afike miaka minne au mitano.

Aliyeianzisha hii njia ni Ignacio Ponseti, huko Iowa, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1940, na kwa miongo mingi mabingwa wenzake hawakumjali sana, wao walikuwa wanapasua. Ilipofika Afrika haikusubiri mabingwa, ingewasubiri wapi? Uganda waliwakabidhi maofisa wa mifupa ambao si madaktari. Malawi walishakuwa na maofisa tabibu wa mifupa waliokuwa wanafundishwa tangu 1985, na hao wanafunga plasta, wanarudisha mifupa iliyovunjika, na kano ya kisigino wanaikata wenyewe.

Mimi kano sikati, namsubiri daktari wa mkoani anayekuja mara moja kwa mwezi akipata gari. Lakini hayo mahogo mengine yote ni yangu, na kwenye karatasi yangu ya majukumu ya kazi hakuna neno plasta popote. Nilifundishwa kwenye semina nikapewa cheti na soda. Kwa hiyo jamaa anaponiuliza tutaanza lini sijui hata nimjibu nini, maana tulishaanza kitambo, ila hakuna aliyetuandika.

Kwa wenzetu kitu hiki, fizio kupewa kazi zilizokuwa za daktari, kilianza na foleni. Australia mafizio walifuta mwaka 1976 ile kanuni yao ya maadili iliyowataka wasimguse mgonjwa mpaka daktari aandike, Uingereza wakafuata muda si mrefu, miaka ikaenda, na mwaka 2013 sheria ya Uingereza ikawaruhusu mafizio waliosomea kuandika dawa kwa mamlaka yao wenyewe. Hizi nafasi za juu zilikua kwa sababu watu walikuwa wanakaa kwenye orodha ya kumsubiri bingwa wa mifupa miezi na miezi, na wakifika mbele inaonekana wengi hawakuhitaji kisu kabisa, walihitaji mtu wa kuwapima vizuri na kuwaelekeza. Basi wakamweka fizio mlangoni.

Sisi foleni yetu huioni. Iko majumbani. Shirika la Afya Duniani linasema watu kama bilioni 2.4 duniani wana hali ambayo tiba ya utengamao, ile ya kumrudishia mtu uwezo wa kufanya shughuli zake, ingewasaidia, na kwenye nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati wataalamu wa utengamao wa aina zote hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja. Kumi kwa milioni! Gawanya mwenyewe kwa wilaya yako uone kama mafizio watafika hata watatu. Na maumivu ya kiuno na mgongo peke yake mwaka 2020 yalikadiriwa kuwapata watu milioni 619, ndiyo yanayoongoza duniani kwa kumfanya mtu aishi na ulemavu, hata malaria haifiki huko kwa hesabu hiyo.

Turudi kwa yule bibi wa mlangoni, maana safari yake ndiyo inanifanya nione hii mada siyo ya watu wa semina. Goti lilimwanza mwaka juzi. Akaenda zahanati, akapewa diklofenaki. Zikaisha, akanunua nyingine duka la dawa, zikaisha, tumbo likaanza kuwaka moto, akapewa dawa za tumbo. Akaja kwetu wilayani, akalipa kadi, akamwona daktari, akatumwa eksrei, akalipa eksrei, daktari akaona mifupa imesuguana kama ambavyo goti lolote la miaka 70 lililolima maisha yake yote litakavyoonekana, akamwandikia rufaa ya mkoani kwa bingwa. Mkoani akaambiwa bingwa yuko safari, rudi mwezi ujao. Akarudi, wajukuu wameuza mbuzi kwa ajili ya nauli. Bingwa akamwangalia dakika tatu, akaandika neno moja: fizio. Akashuka na karatasi yake mpaka wilayani, mpaka mwisho wa korido, mpaka kwangu. Karibu mwaka mzima na mbuzi mmoja.

Nilimfundisha kukaa na kunyanyuka kwenye kiti bila kushika, seti tatu asubuhi, seti tatu jioni, fimbo ashike mkono wa upande wa pili wa goti bovu na siyo upande uleule kama alivyokuwa anafanya (karibu wote wanashika upande mbovu, sijui nani aliwafundisha), na kwenye choo cha nyumbani mwanawe atengeneze kiti cha mbao chenye tundu. Wiki ya sita alikuja na mayai. Kuna siku niliwaambia wenzangu chai ya saa nne kwamba yule bibi angeanzia kwangu siku ya kwanza tungeokoa mbuzi, nesi mmoja akacheka akasema basi andika barua kwa mganga mfawidhi, kichwa cha habari: mbuzi.

Ila nisijifanye malaika hapa. Kuna mtu mwingine, na yeye alianzia kwangu kweli, karibu kabisa, na mimi nikamharibia.

Fundi ujenzi, kijana wa miaka thelathini hivi, kaletwa na kikaratasi cha daktari chenye herufi tatu za maumivu ya mgongo na neno fizio, basi, hakuna kingine. Mgongo wa fundi, anabeba saruji, nani atashangaa. Nikampa joto, nikampa mazoezi, nikamfundisha kunyanyua mzigo. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akasema usiku halali, nikamwambia abadilishe godoro. Akasema anaamka ameloa jasho, nikamwambia mwezi wa pili huu, nani haloi. Na kitu ambacho hakinitoki kichwani mpaka leo ni mkanda wake. Kila akija anavua mkanda kulala kitandani kwangu, na kwenye huo mkanda kulikuwa na tundu jipya ametoboa na msumari, na wiki iliyofuata tundu lingine. Nimeliona kwa macho yangu. Nikafikiria tu kwamba fundi hakosi msumari.

Wiki ya tano nikapitisha kiganja mgongoni kwake akiwa ameinama, katikati pale chini ya mabega, nikakuta kinundu. Kimfupa kimejitokeza kama kifundo cha kidole. Hapo ndipo akili ikarudi. Nikajua. Lakini kujua siyo kitu ukiwa huna fomu: eksrei kwetu inaagizwa na daktari tu, kompyuta ya mapokezi hata hainitambui. Nikamwambia nenda kamwone daktari leo hii, mwambie fizio amesema upigwe picha ya mgongo. Akaniitikia vizuri kabisa, ndiyo dokta, akatoka. Foleni ilikuwa mpaka nje chini ya mwembe, na kumwona daktari ni kulipa tena, na yeye siku hiyo alikuwa na kibarua mahali. Akaenda kwenye kibarua.

Alirudi baada ya siku 16, katikati ya watu wawili kwenye bodaboda, miguu imekakamaa haimtii. Picha ikaonyesha pingili mbili zimeliwa na nafasi katikati yake imepotea. TB ya uti wa mgongo. Dawa za TB ni bure, alizimeza mwaka mzima bila kuruka, na anatembea. Anaburuta kidogo mguu wa kushoto. Juu ya jukwaa hapandi tena, sasa hivi anapiga tofali chini na mdogo wake ndiye anayejenga.

Wiki ile mganga mfawidhi wetu wa wakati huo, kijana tu, tumezidiana mwaka mmoja miwili, aliniita ofisini. Nilijua naenda kuchambwa. Akaniuliza swali moja, siku ile ulipogusa kile kinundu, kama ungekuwa na fomu mkononi ungeandika? Nikasema ndiyo. Akavuta droo, akahesabu fomu kumi za eksrei, akazisaini zote chini zikiwa tupu, akanisukumia. Sharti likawa moja, kila jioni nipeleke picha nimweleze kwa nini niliiomba.

Najua. Hairuhusiwi. Yeye alijua pia, ndiyo maana alifunga mlango kwanza.

Zile fomu kumi nilizimaliza ndani ya wiki mbili, nilikuwa kama mtoto aliyepewa filimbi. Na yule bwana hakunigombeza hata siku moja, alikuwa ananyanyua picha kwenye mwanga wa dirisha, anaangalia, anasema, "Hii safi. Ingekuwa siyo safi ungefanya nini tofauti?" Mara nne kati ya kumi sikuwa na jibu. Mtu kalipa, kala mionzi, na mimi ningempa mazoezi yaleyale. Kumi za pili zilikaa miezi miwili. Kumi za tatu zilikaa zaidi ya nusu mwaka. Mimi nilichojifunza kuhusu hiyo kazi ya juu ya fizio nimejifunza pale dirishani zaidi ya kwenye semina yoyote, na jamaa yangu wa Uingereza nilipomsimulia akasema hata kwao ni hivyohivyo, mtu hapewi tu cheo, anapewa mtu wa kumuuliza maswali kila wiki mpaka aache kubahatisha.

Ila mtaala wao hauwezi kuja huku kama kontena la mitumba. Huko kwao fizio wa mlangoni anafundishwa hasa kutafuta saratani iliyojificha nyuma ya maumivu ya mgongo, na ni sawa, na sisi pia tunayo. Huku kwangu kwanza naulizia kikohozi, jasho na mkanda. Mfugaji mwenye kiuno kinachouma na homa zinazokuja na kuondoka namuuliza maziwa anakunywa mabichi au yaliyochemshwa, kwa sababu bruselosisi, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, inapenda sana kukaa kwenye viungo vya nyonga na mgongo. Kijana mwenye selimundu anayechechemea ghafla usimwambie ni baridi, kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kuwa kinakufa kwa kukosa damu, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu duniani, kwa hiyo huyo kijana utamwona, tena siyo mmoja. Mtoto aliyeacha kunyanyua unyayo wiki moja baada ya homa, muulize mama mtoto alichomwa sindano upande gani wa kalio, maana sindano ikikosewa hapo inaumiza mshipa wa fahamu wa mguu. Hivi vitu havitakuwa kwenye slaidi za mgeni yeyote, inabidi sisi ndio tuziandike hizo slaidi.

Kuna wanaosema ni hatari, mtu asiye daktari asipewe madaraka ya daktari. Nchi hii hii? Sisi tumekuwa na madaktari wasaidizi tangu miaka ya 1960, wale tunaowaita AMO, ambao si madaktari kamili, wamewapasua mama zetu kwa upasuaji wa uzazi kwenye hospitali ambazo daktari alikuwa anapita kama mbunge, nusu ya wanaobisha kwenye vikao pengine wametolewa tumboni na AMO. Kwa hiyo la hatari nalijibu haraka. Linalonipa shida ni lingine: hospitalini kwetu fizio niko mimi peke yangu. Mimi nikikaa mlangoni kupanga foleni ya migongo, mzee wa stroki kule wodi namba tatu nani atamsimamisha? Ndugu zake watamgeuza geuza mpaka vidonda. Halafu hicho cheti cha juu chenyewe, tusidanganyane, kwa wengi wetu kitakuwa tiketi ya ndege, na simlaumu mtu, jamaa yangu ana watoto wanasoma. Ukiniuliza mimi ningeanza na chini kwanza, wilaya iwe na mafizio watatu ndipo mmoja wao apandishwe, na apandishwe kwa maandishi, kwenye muundo wa utumishi, na mshahara wake, na jina lake kwenye kompyuta ya mapokezi. Wakenya angalau wana sheria yao ya mafizio ya mwaka 2014 iliyowaundia baraza, una mahali pa kuanzia ukitaka kuandika kwamba huyu anaruhusiwa hiki na yule hapana. Bila maandishi unabaki na hisani ya mtu mmoja, na watu wanahamishwa.

Alihamishwa. Barua ilikuja Alhamisi, Jumatatu akawa ameshaondoka. Aliyekuja ni mama mmoja mpole, mchapakazi, nilipomweleza utaratibu wetu alinisikiliza mpaka mwisho halafu akasema, "Mwanangu, mimi karatasi tupu sisaini. Ukikosea wewe nitaitwa mimi." Na yuko sahihi, sikuwa na cha kumbishia. Fomu moja ilibaki, iko kwenye droo yangu chini ya bendeji, ina sahihi ya mtu aliyeko mkoa mwingine.

Juzi Jumanne kaja mama muuza mboga, kiuno, miezi miwili. Halali usiku. Gauni limempwaya mabegani amelibana na pini. Nikampapasa mgongo, sikukuta kinundu, ila pingili moja nikiigonga kidogo anaruka. Nikafungua droo nikaiangalia ile fomu, nikaifunga. Nikaandika kikaratasi kwa daktari, tena siyo herufi tatu, nikajaza ukurasa, halafu nikamwangalia yule mama jinsi alivyokuwa anafunga khanga yake akiangalia saa ya ukutani, nikajua kabisa nikimwacha atoke peke yake ataelekea sokoni.

Nikafunga mlango wa chumba, nikamshika mkono, tukapandisha korido yote ile mpaka chini ya mwembe, tukachukua namba, tukakaa kwenye benchi. Mzee aliyekuwa pembeni yetu akaniangalia na koti langu jeupe.

"Shikamoo mzee," nikamwambia.

"Marahaba. Na wewe dokta unaumwa?"

"Hapana, nimemsindikiza mama."

Akasogea kidogo tukae vizuri. Walikuwa wanamwita namba 11. Sisi tulikuwa namba 34.